Gari Lililokwenda Kiwandani

Harufu yenyewe si nzuri, nianze kwa kusema hivyo. Ni sufi ya viti iliyoloa na kukauka mara nyingi, petroli iliyochacha, mpira uliozeeka, na ndani yake kitu kitamu kidogo, vumbi lililopata joto. Niliinusa mwezi uliopita kule Greenbelt, kwenye uwanja ambako wazee wa Kimarekani huleta magari yao ya zamani, wakafungua boneti na kukaa pembeni kwenye viti vya kukunja, wakisubiri mtu awaulize swali. Kijana wangu alitaka kuona magari ya mbio. Mimi nilikuwa napita tu na kikombe changu cha kahawa. Mzee mmoja akafungua mlango wa gari la kijani, akaniambia nichungulie, nikachungulia, na hapo hapo nikajikuta nimeushika mlango kwa mikono miwili. Akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia baba yangu aliwahi kuwa na gari kama hili. Alifurahi sana, maskini, akaanza kunisimulia historia ya kampuni iliyolitengeneza, kampuni iliyokufa siku nyingi. Nikamwacha aongee, ingawa historia ile naijua kuliko ninavyoijua ya ukoo wangu.

Wenzangu mliokulia Alexandria, hii ya ng'ambo ya mto kutoka Washington, kwenye yale maghorofa ya West End, mtakumbuka Jumamosi zilivyokuwa. Mama yangu, Mkenya wa Nyeri, alikuwa akitunza wazee usiku kucha na kurudi asubuhi miguu imevimba, kwa hiyo nyumba ilitakiwa iwe kimya mpaka mchana. Watoto wengine waliwekewa katuni, sauti imezimwa. Mimi nilikuwa na baba. Baba, Mtanzania wa Korogwe, aliendesha teksi wiki nzima, na Jumamosi alinichukua tukaenda nyuma ya gereji ya Mhabeshi mmoja aliyekuwa akimtengenezea teksi yake. Huko, chini ya turubai la bluu, ndiko lilikokaa gari letu.

Nasema letu kwa sababu ndivyo alivyoliita yeye. Alilipata kwa mjane mmoja wa Maryland aliyetaka tu liondolewe kwenye banda lake. Lilikuwa limekaa huko hadi panya wamezaa ndani ya viti. Umbo lake lilinichekesha: buti lake lilikuwa refu kama boneti, na kioo cha nyuma kilizunguka kama cha mbele, hata baba alisema zamani Wamarekani walitania kwamba gari hili ukiliona barabarani hujui kama linakuja au linakwenda. Yeye aliona la aina hii mara ya kwanza akiwa mdogo, kwenye shamba la mkonge, likiendeshwa na meneja wa Kizungu. Aliniambia alilikimbiza na kulikimbiza mpaka vumbi likamwingia mapafuni. Kwa hiyo alipolikuta Maryland alihisi kama lilikuwa likimsubiri yeye.

Historia ya kampuni nilipewa kidogo kidogo, nimeshika tochi, baba amelala chini ya gari, inaonekana miguu tu.

"Walikuwa ndugu," angeanza. "Wahunzi. Wanatengeneza mikokoteni ya farasi. Mikokoteni yao ndiyo iliyowapeleka watu magharibi, ndiyo iliyobeba vyakula vya wanajeshi vitani. Sogeza taa. Hapo. Sasa, magari yakaja, watu wa mikokoteni wote wakafa njaa. Lakini hawa?"

"Wakatengeneza magari."

"Wakatengeneza magari! Tena walianza na magari ya umeme, wewe. Watu wanadhani umeme umeanza juzi."

Sharti lake lilikuwa moja: chini ya turubai lile hakuna Kiingereza. Ndiyo maana nilijua boneti, bampa, plagi na msasa katika Kiswahili kabla sijavijua katika lugha ya shuleni. Watoto wenzangu walielewa Kiswahili cha wazazi wao na kujibu kwa Kiingereza. Mimi nilijibu kwa Kiswahili, tena cha kifundi, nikiwa na mafuta kwenye kucha, na baba alikuwa akiringa nami kwa yule Mhabeshi kana kwamba nimeshinda tuzo.

Hadithi ilikuwa na mahali pake pa kusimama. Yalikuwapo makampuni matatu makubwa, yakipigana kwa kushusha bei, na hii yetu ndogo iko katikati, haina ubavu wa kupigana nayo, lakini haikubali kumezwa. Nikiuliza wakafanyaje, baba alisema, "Wakajifunga kibwebwe, wakaendelea," kisha akaomba spana. Hakuwahi kupita hapo. Nami nikaamini, kama mtoto yeyote angeamini, kwamba wanaendelea mpaka leo. Nilikiona kiwanda chao akilini, kule Indiana, kina bomba la moshi na geti kubwa, na wale ndugu wahunzi ndani, wazee sana sasa, wamevaa aproni za ngozi.

Ahadi ilikuwa kwamba gari likipona tutakwenda Indiana, sisi wawili. Tutafika getini tupige honi, watoke nje waone kazi yetu. Nilimuuliza mama atakaa wapi. Akasema mama atakuwa amelala, tukacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye bomba la ekzosi. Ahadi ile niliishika kuliko Krismasi. Nilikuwa mtoto wa pekee, baba yangu alikuwa mtu wa teksi anayeonekana nyumbani kwa kupita tu, na kitu nilichokuwa na hakika nacho hapa duniani ni kwamba Jumamosi alikuwa wangu.

Gari likapona. Liliunguruma siku moja yule Mhabeshi akatoka nje anapiga makofi. Likapakwa rangi nyeupe, na mimi nikaona nyeupe itachafuka njiani, lakini sikusema. Wiki iliyofuata nilikuta baba amefungua buti na milango yote anapanga vitu: mashuka mapya kwenye mifuko yake, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine, sabuni, blanketi, na boksi la viatu vya kike, vyeupe, vya kisigino kirefu. Nyie mnaosoma hapa mmeshaelewa. Sote tunajua gari linalokwenda bandarini Baltimore kusafirishwa nyumbani halipakiwi tupu, kila upenyo unajazwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa hapa, hakuna aliyewahi kunieleza jambo hilo.

"Hivi vya nani?" niliuliza.

"Vya watu wa huko."

"Wa kiwandani?"

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya buti. "Ndiyo," akasema. "Wa kiwandani. Kuna mambo ya kumalizia ambayo mimi siyawezi. Linatangulia."

Nikaona ni adabu. Baba hakuwahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata tukienda kutembelea jirani alibeba mkate. Nilivitoa vile viatu kwenye boksi, nikavifuta kwa upindo wa fulana yangu, nikafikiria yule mke wa mhunzi atakavyovifurahia. Likaja trela, gari likapandishwa, likafungwa minyororo. Baba alisimama barabarani mpaka trela ikapinda kona, kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu. Nilimshika mkono. Nilidhani analia kwa sababu ya gari.

Tangu hapo Jumamosi zikafa. Alisema Jumamosi ndiyo siku ya abiria wa uwanja wa ndege, lazima afanye kazi. Nikaanza kupelekwa Temple Hills kwa Mama Neema, Mtanzania aliyekuwa akilea watoto wa wenzake sebuleni kwake. Kila nikiuliza gari limefika wapi, baba alisema kiwandani kuna foleni.

Kisha darasa letu likapelekwa maktaba, kila mtoto achague kitabu cha jambo analolipenda. Mkutubi akanipa kitabu kikubwa cha picha cha magari ya Marekani, na gari letu nililikuta humo, ukurasa mzima. Nilisoma polepole kwa kidole. Niliposoma mwisho wa sura ile nilirudi juu nikasoma tena, maana niliona pengine nimekosea. Kiwanda cha Indiana kilikuwa kimefungwa kabla hata mama yangu hajazaliwa. Kilifungwa Krismasi ikikaribia. Wafanyakazi wengi walizisikia habari zenyewe redioni na kuzisoma magazetini kabla ya kuambiwa na wakubwa wao. Magari machache yakaendelea kutengenezwa Kanada, halafu huko nako kukafungwa. Baadaye, ukubwani, nilisoma kilichofuata: wafanyakazi waliokuwa wazee walipata pensheni yao yote, wa umri wa kati wakapata kiasi, na walio vijana hawakupata hata senti, ingawa wote walikuwa wameahidiwa. Malalamiko yao yalichangia mpaka sheria ya kulinda pensheni ikatungwa hapa hapa Washington. Lakini siku ile maktaba nilielewa jambo moja tu. Baba yangu ametapeliwa. Mtu amekuja na trela, akamdanganya kuna kiwanda, akachukua gari lake na zawadi zake zote.

Nilimkuta mama anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Mum, ile factory ya gari ya baba ilifungwa kitambo. Nimeisoma kwa kitabu. Kuna mtu amemuibia."

Mama aliisimamisha pasi. "Umemwambia?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Utamuumiza bure." Akaanza kupiga pasi tena, kola ile ile aliyokwisha kuinyoosha. "Na wachana na hiyo story ya gari, sawa? Imeisha."

Basi nikawa namlinda. Nataka hili lieleweke, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto wa darasa la nne nilikuwa naficha siri ili baba asivunjike moyo. Alipoingia nyumbani amechoka nilimletea chai, nikamtazama anavyokunywa bila habari, mtu aliyeibiwa naye hajui, nikamwonea huruma. Aliponiuliza siku moja mbona siulizi tena habari za gari, nilimwambia nimelisahau. Alishukuru, nilimwona kabisa usoni. Nikadhani nimefanya jambo jema.

Jumamosi moja, nyumbani kwa Mama Neema palikuwa na wageni. Kulikuwa na kanda ya video imeletwa na mtu aliyetoka Tanzania. Mnakumbuka tulivyokuwa tukiangalia harusi za nyumbani: watu hawakuweza kupanda ndege, wengine kwa nauli, wengine kwa makaratasi, kwa hiyo harusi ilikuja kwetu kwenye kanda, ikapikiwa pilau, ikaangaliwa kuanzia mapambo mpaka mtu wa mwisho kulishwa keki. Mama Neema alikuwa jikoni akikaanga sambusa. Sebuleni walikaa wanawake wawili nisiowajua, mmoja wa kilemba cha kijani na mwingine mnene anayecheka kwa mabega. Watoto wengine walikuwa chini wanacheza. Mimi nilikaa pembeni ya kochi na bakuli langu.

"Huyu mkubwa si ataelewa?" aliuliza wa kilemba, akinionyesha kwa kidevu.

"Wapi! Hawa wa hapa ukiwasemesha Kiswahili ni watsi-watsi tu, Kiingereza kitupu. Weka mama, tuangalie."

Ndivyo walivyokosea. Wangepatia kwa mtoto mwingine yeyote pale sebuleni, si kwangu.

Picha ilianza kwa matarumbeta. Watu wamejaa barabarani, vumbi jekundu, wanawake wamevaa sare za zambarau wanakata viuno. Kisha umati ukagawanyika likaja gari jeupe, lina riboni na maua kwenye boneti, linatembea taratibu. Bakuli lilinitoka mkononi. Lilikuwa gari letu. Nilijua kila pande la bati lile, nilijua mahali ambapo msasa wangu ulikwangua kupita kiasi juu ya taa ya kushoto. Furaha niliyoipata sekunde zile siwezi kuieleza. Halikuibiwa! Limeonekana! Nilitaka nikimbilie simu nimpigie baba.

Mlango wa gari ukafunguliwa, ukatoka mguu uliovaa kiatu cheupe cha kisigino kirefu.

Mshereheshaji alikuwa na sauti ya kukwaruza. "Mabibi na mabwana, gari hili mnaloliona limevuka bahari. Baba mzazi wa bibi harusi yuko Marekani, makaratasi hayajamruhusu kusafiri, lakini ametuma jasho lake. Amelitengeneza kwa mikono yake, nati kwa nati, akiwa peke yake huko ugenini, hana mke wala mtoto wa kumpa hata maji. Peke yake! Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya binti yake wa pekee!" Vigelegele. Kamera ikamwendea mwanamke wa makamo aliyekaa meza ya mbele, akifuta machozi kwa kitambaa. "Na huyu ndiye mke wake mvumilivu, aliyemsubiri miaka yote hii. Mpigieni makofi!"

"He!" alisema yule mnene, mabega yakitikisika. "Hana mke wala mtoto. Na yule Mkenya wake wa Alexandria je?"

"Shosti, nyamaza. Si nasikia kuna na katoto?"

"Kapo. Kanaletwa hapa hapa."

Wakageuka. Nadhani ndipo waliponitazama. Mimi nilikuwa namtazama bibi harusi. Alikuwa na paji la uso la baba, na alipocheka aliinamisha kichwa upande mmoja kama baba anavyofanya. Mama Neema alitoka jikoni na sinia, akaona televisheni, akaniona mimi, akaweka sinia sakafuni akaenda kuzima. Alinikumbatia, mikono inanuka mafuta ya sambusa, akaninong'oneza, "Usimwambie mama yako." Mama ambaye naye alishaniambia nisimwambie baba. Kila mtu mzima niliyemjua alikuwa na mtu wa kumficha jambo, na wote walinitumia mimi nilitunze.

Hasira yangu haikuwa kwa yule dada, na mpaka leo si kwake. Kuwa na dada ningefurahi. Hata gari ningempa, Mungu shahidi wangu, angeniambia tu. Kilichonikata ni lile neno, "peke yake". Vidole vyangu viliganda kwa baridi nikishika ile tochi. Nilinusa petroli ile mpaka nguo zangu za shule zikanuka. Na yeye alikuwa amewaambia watu kule kwamba chini ya turubai hakukuwa na mtu mwingine.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa, nikisubiri aseme. Sikutaka aombe msamaha, sikujua hata kwamba wazazi huomba. Nilitaka aseme tu, popote, kwa yeyote, kwamba mimi nipo.

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa jikoni. Mama amerudi kazini amelala. Baba alikuwa ananyoa ndevu kwenye sinki la jikoni ili asimwamshe, uso mzima una povu. Simu ya nyumbani ikalia. Baba yangu alikuwa akienda nje kupiga simu zake za Tanzania, kwenye simu ya barabarani, na kadi zake mfukoni, kwa hiyo hatukuwa tukipokea simu za huko.

"Pokea haraka, mama asiamke," alisema.

Nikapokea. Palikuwa na ule uwazi wa simu za mbali, kisha sauti ya mwanamke, changamfu, karibu kucheka.

"Haloo? Haloo, shikamoo. Namba hii nimepewa na yule mama aliyekuja huko na kanda ya harusi. Naomba kuongea na baba yangu."

Nilimtazama baba. Alijua. Wembe ulisimama shavuni.

"Haloo?" ilisema sauti. "Naongea na nani mwenzangu?"

Nikamwangalia baba machoni, simu iko sikioni, nikampa nafasi. Nilimpa nafasi ndefu kuliko nafasi zote nilizowahi kumpa mtu maishani. Angeweza kuja akaichukua tu. Angeweza kutikisa kichwa kwa kukubali. Badala yake aliweka kidole chenye povu mdomoni, akatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia, macho yananibembeleza.

"Mtoto wa jirani," nilisema, kwa Kiswahili safi alichonifundisha.

Baba akashusha pumzi. Akajifuta uso kwa taulo, akaja, akanipapasa kichwa kwa shukrani, akapokea simu na kunigeuzia mgongo.

"Haloo," alisema, sauti imejaa tabasamu. "Haloo, mwanangu."